NENO NA MAANA YAKE: "Geyser", Maji Yafokayo na Chombo cha Kupashia Maji

Katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera ni mambo machache yenye majina mengi kama maji. Yako maji ya mto, nayo ni ya Tana kwa upande wa Garissa na ya Daua kwa upande wa Mandera. Yako maji ya kisima, yatekwayo kwa ndoo na kamba. Yako maji ya mvua yakusanywayo katika bwawa la udongo, ambalo Wasomali huliita war, na yale yawekwayo katika birika lililojengwa ardhini, ambalo wao huliita berkad. Kila aina ina jina lake kwa kuwa kila aina ina kazi yake na majira yake. Mtu akikosea jina, aweza kumtuma mwenziwe pamoja na mifugo wake mwendo wa siku mbili hata mahali pasipo na tone moja.

Kwa sababu hiyo neno geni la maji halifai kupokelewa ovyo. Neno lenyewe ni geyser. Limeingia Garissa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni darasa la jografia, ambako mwanafunzi husoma habari za maji yarukayo juu kutoka ardhini yenyewe. Mlango wa pili ni duka la vyombo vya umeme, ambako neno lilo hilo huandikwa juu ya sanduku lenye chombo cha kupashia maji ya kuoga. Neno ni moja, vitu ni viwili, na baina ya hivyo viwili pana umbali mkubwa. Makarani huliandika katika barua zao, mafundi hulitaja katika hesabu zao, na wazee husikiliza tu wasijue ni lipi linalosemwa. Yafaa basi kulifungua neno hili na kutazama kilichomo ndani.

Asili yake ni kisiwa cha Iceland, kaskazini kabisa ya Ulaya, nchi ya barafu juu na moto chini. Huko liko bonde liitwalo Haukadalur, na habari za chemchemi zake za moto zimeandikwa tangu mwaka 1294. Chemchemi kubwa kupita zote katika bonde hilo huitwa Geysir. Jina hilo latokana na kitenzi cha lugha yao, geysa, maana yake kutoka kwa nguvu, kububujika, kufoka. Hapo kwanza lilikuwa jina la chemchemi moja tu, kama vile Tana ni jina la mto mmoja tu. Waingereza walilichukua katika karne ya 18, wakaanza kulitumia kwa kila chemchemi ya namna ile popote iwapo duniani. Geysir yenyewe siku hizi hufoka kwa nadra sana, lakini jirani yake aitwaye Strokkur hurusha maji kila baada ya dakika chache, na wageni husimama kandokando kumngojea.

Maana ya pili ilizaliwa London mwaka 1868. Mtu mmoja aitwaye Benjamin Waddy Maughan alitengeneza chombo cha kupasha maji ya kuoga kwa moto wa gesi, maji yakawa yaingia baridi na kutoka moto papo hapo. Akakipa chombo chake jina la Geyser, kwa kuwa maji ya moto yalitoka ndani yake kama yatokavyo ardhini kule Iceland. Chombo kile kilikuwa na hatari, maana hakikuwa na dohani ya kutolea moshi wa gesi, lakini jina lake lilipendeza na likashika. Likasafiri pamoja na Waingereza hata Bara Hindi na Afrika ya Kusini, na huko hata leo chombo cha kupashia maji huitwa geyser na kila mtu. Afrika ya Mashariki nayo ililipokea kwa njia hizo hizo. Uingereza kwenyewe jina hilo limefifia, na watu wa huko hutumia maneno mengine zaidi.

Sasa liko jambo la matamshi, nalo lina kichekesho chake kwa msemaji wa Kiswahili. Wamarekani hulitamka neno hili "gaiza". Waingereza hulitamka "giza". Na giza kwa Kiswahili ni ukosefu wa nuru! Mtu wa pwani akisikia fundi asema, "Washa giza, maji yapate moto," ataduwaa, maana giza haliwashwi. Kiwashwacho ni taa ili giza liondoke. Na akiambiwa, "Zimeni giza kabla ya kulala," ataona amri hiyo ni ngumu kuliko zote alizopata kupewa. Neno la kigeni likiingia katika lugha na kukuta jina lake limekwisha kukaliwa na neno jingine, kama mgeni akutaye kitanda kina mwenyewe, ni heri litafutiwe mahali pengine pa kulala.

Kabla ya kulitafutia jina, yapasa kwanza kukijua kitu chenyewe. Wengi hudhani kila chemchemi ya maji moto ni geyser. Sivyo. Chemchemi za maji moto ni nyingi duniani, na katika Afrika ya Mashariki ziko mahali pengi, hata vijiji kadhaa huitwa Majimoto kwa ajili yake: uko Maji Moto katika Narok, na uko mwingine karibu na ziwa Manyara katika Tanzania. Lakini geyser ni nadra. Wataalamu huhesabu kadiri ya 1,000 tu katika dunia nzima, na karibu nusu yake zimo katika hifadhi moja ya Marekani iitwayo Yellowstone, iliyowekwa mwaka 1872. Kilicho mashuhuri zaidi huko huitwa Old Faithful, nacho hufoka takriban kila saa moja na nusu, maji yakaruka mita 30 au zaidi.

Tofauti ni hii. Chemchemi ya maji moto hutiririka mfululizo, mchana na usiku. Geyser hufoka, hunyamaza, halafu hufoka tena. Ili ifanye hivyo hapana budi vitu vitatu vikutane. Kwanza ni moto wa chini, nao watokana na mawe yaliyoyeyuka yasiyo mbali sana na uso wa nchi. Pili ni maji mengi ya mvua yaliyozama ardhini. Tatu ni mfereji wa mwamba ulio imara, wenye mahali pembamba kama shingo ya chupa. Mawili ya kwanza hupatikana mahali pengi, bali la tatu ndilo gumu.

Namna ifanyavyo kazi si vigumu kuifahamu kwa mtu aliyewahi kupika uji. Maji yaliyo chini ya mfereji hulemewa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Maji yaliyolemewa hayachemki upesi. Hupita digrii 100 za joto bila kuchemka, yakizidi kukusanya moto ndani kwa ndani. Mwisho mapovu machache ya mvuke hupanda, yakasukuma kiasi kidogo cha maji hata yakamwagika juu. Kwa kumwagika huko uzito hupungua. Mara ile maji ya chini, yaliyokuwa yamezuiliwa kwa muda wote huo, sehemu yake hugeuka kuwa mvuke kwa ghafula, na mvuke huhitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko maji. Hapo ndipo yote hurushwa juu kwa kishindo. Baadaye mfereji hujaa tena polepole, na kazi huanza upya. Mpishi aliyefunika sufuria ya uji na kuisahau juu ya moto amekwisha kuona jambo lenye ukoo na hilo jikoni mwake.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake. Kitenzi kinachofaa kimo tayari, nacho ni kufoka. Uji hufoka, na mtu mwenye hasira naye husemwa kwamba amefoka. Katika matumizi yote hayo maana ni ile ile: jambo lililozuiliwa ndani limeshinda kizuizi na kutoka kwa nguvu. Kububujika ni kutoka kwa wingi bila kishindo, kama maji ya chemchemi au machozi. Kutiririka ni kwenda mfululizo. Kuchimbuka ni kutokea chini na kuonekana juu. Kuchemka na kutokota ni kazi ya moto tu, hata kama maji hayakutoka chomboni. Kila neno lina mpaka wake, kama mashamba yenye kupimwa.

Upande wa majina, yako chemchemi, na liko jina zuri la zamani, jicho la maji. Jina hilo halikukaa peke yake. Waarabu husema ayn, maana yake jicho na pia chemchemi. Wasomali husema il, nalo pia ni jicho na ni chemchemi. Watu wa lugha tatu wameyatazama maji yang'aayo katikati ya ardhi kavu, wote wakaona jicho. Kisima ni kitu kingine, kwa kuwa kisima huchimbwa na mtu. Kisomali chakiita ceel, na jina hilo limo katika mji wa El Wak, maana yake visima vya Waaq, yaani vya Mungu, kwa jina lake la kale. Maji ya moto kwa Kisomali ni biyo kulul. Basi mtu wa Garissa akitaka kuielewa geyser kwa lugha zake mwenyewe hana upungufu: ni il, si ceel, ni ya biyo kulul, na kazi yake ni kufoka. Kwa Kiswahili, chemchemi ifokayo yatosha kabisa, na msomaji aisikiaye kwa mara ya kwanza aifahamu pasipo kuuliza.

Je, katika Kenya ziko? Naam, ziko. Zimo katika ukingo wa ziwa Bogoria, wilaya ya zamani ya Baringo, ambayo tangu katiba ya mwaka 2010 ni kaunti. Ziwa hilo zamani liliitwa Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyelipitia mwaka 1885 katika safari yake ya mwisho, kabla ya kuuawa Busoga mwaka huo huo. Kwenye ukingo wake wa magharibi, mahali paitwapo Loburu, maji yachemkayo hufoka na kurushwa mita kadhaa hewani. Maji hayo yana magadi mengi. Kwa kuwa nchi ile iko juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,000, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, na chemchemi nyingi za Loburu zimefunikwa, zikawa zachemka chini ya ziwa zisionekane kama zamani.

Kutoka Garissa hata Bogoria ni kadiri ya kilomita 400 kwa mstari ulionyoka. Katika Garissa, Wajir na Mandera hakuna chemchemi ifokayo hata moja, na sababu yake yajulikana. Moto wa chini wa Kenya hukaribia uso wa nchi katika Bonde la Ufa, na hapo ndipo ilipo Olkaria, ambako visima vya kujaribu vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ukaanza kazi mwaka 1981. Nchi ya kaskazini-mashariki ni tambarare ya mchanga, udongo na mawe ya chokaa, iliyojengwa na mito na bahari ya kale katika muda wa zamani nyingi. Moto uko mbali chini yake. Kilicho karibu nayo ni jua, nalo limepata kutumiwa, maana kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye nguvu za megawati 50, kilifunguliwa mwezi wa Desemba 2019.

Chukua mfano, msomaji, wa kijana asomaye Garissa aliyerudi likizo kwao upande wa Habaswein, akaketi na babu yake jioni baada ya ngamia kuingia zizini. Atamwita awoowe, yaani babu. Na babu naye, kwa desturi ya Wasomali, atamjibu kwa jina lilo hilo, kwa upendo.

"Awoowe, mwalimu ametufundisha kwamba yako maji yatokayo ardhini yenyewe na kuruka juu kupita mti."

"Nani ayatekaye, awoowe?"

"Hakuna ayatekaye. Hutoka yenyewe."

"Na ngamia huyanywa?"

"Hayanyweki. Yachemka, tena yana magadi."

"Basi hiyo ni habari, awoowe, si maji. Maji ni yale yanywewayo na ngamia."

Kijana wa mfano huu asimdhanie babu yake kuwa mjinga. Mzee ametaja kipimo cha nchi yake, nacho ni kipimo cha haki. Yeye ameona ujanani wanaume wakisimama ndani ya kisima kirefu, mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba ili mikono isichoke. Kwake, maji yasiyo na mtekaji wala mnywaji hayana jina miongoni mwa maji. Lakini mzee naye angefaidika kulijua neno, kwa kuwa ndani ya habari ya chemchemi ifokayo limo fundisho liwahusulo wenye visima kuliko watu wote.

Fundisho hilo latoka New Zealand, nchi nyingine yenye chemchemi za namna hii. Huko mahali paitwapo Wairakei palikuwa na bonde zima la maji yafokayo. Serikali ilichimba visima virefu ili kupata mvuke wa kuendesha mitambo ya umeme, na kituo kikaanza kazi mwaka 1958. Nguvu ya maji ya chini ikapungua, na chemchemi za bonde lile zikanyamaza moja baada ya moja. Hakuna aliyezigusa, wala kuzitupia jiwe. Zilikufa kwa kisima kilichochimbwa mahali pengine. Katika mji wa Rotorua, wa nchi hiyo hiyo, watu walichimba visima vingi vya kupashia nyumba zao moto, na chemchemi kubwa iitwayo Pohutu ikaanza kudhoofika. Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka Pohutu vifungwe. Wenyewe walinung'unika, lakini vikafungwa, na nguvu ya chemchemi ikarudi.

Maana yake ni kwamba maji ya chini ni ya shirika. Mtu aweza kuweka ua kuzunguka kisima chake juu ya ardhi, lakini chini ya ardhi hakuna ua. Jambo hili lagusa Garissa na Wajir moja kwa moja. Chini ya nchi ile kavu, kutoka upande wa Merti na Habaswein, kupita Dadaab hata kuingia Somalia, iko akiba kubwa ya maji ndani ya mchanga wa kale, ambayo wataalamu wa miamba huiita akiba ya Merti. Katikati yake maji ni matamu. Pembeni yake ni ya chumvi. Visima virefu vichimbwavyo kwa mashine huteka humo, na wakimbizi wa Dadaab, ambao kambi zao zilianza mwaka 1991, wamenyweshwa kwa maji hayo hayo wanywayo wenyeji. Wateka maji wakizidi mahali pamoja pasipo kipimo, maji matamu hushuka, na yale ya chumvi hupata njia ya kusogea. Kisima kilichoharibika kwa chumvi hakitengenezwi kwa fundi. Ndiyo sababu Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka mtu apate kibali kabla ya kuchimba na kuteka maji ya chini, na mashine iwekewe kipimo. Wengi huona kibali hicho kuwa usumbufu wa makaratasi. Watu wa Rotorua nao waliona vivyo hivyo, hata walipoona Pohutu inazimika.

Liko kosa jingine la neno hili lisikikalo kwenye visima virefu. Mashine ikivuta maji kutoka mita 100 au zaidi, maji huja yakiwa ya uvuguvugu, na yakitoka bombani kwa nguvu baadhi ya watu husema, "Tumepata geyser!" Hawakupata. Ardhi huzidi joto kadiri mtu aendavyo chini, kiasi cha digrii 25 hata 30 kwa kila kilomita moja, na maji yaliyokaa huko huchukua joto la mahali pale. Wala maji yapandayo yenyewe katika kisima kwa kusukumwa na uzito wa maji yaliyo juu zaidi mlimani si geyser, kwa kuwa hakuna mvuke uyarushao. Hicho ni kisima chenye msukumo. Kulijua hili si ubishi wa wasomi tu. Kamati ya maji ikiandika kwa wakubwa kwamba imepata geyser, itamwamsha mtaalamu wa umeme wa mvuke badala ya fundi wa mashine za kisima, na fedha za safari zitakwenda bure.

Katika maofisi hatari ni kubwa zaidi, maana karatasi haiulizi. Karani wa zahanati aandikapo katika orodha ya mahitaji neno "geyser moja" pasipo maelezo, mwenye ghala aweza kuleta chombo kidogo cha bafuni, hali mganga alitaka tangi la kupashia maji ya kuoshea vyombo vya wodi. Dawa yake ni fupi: andika kitu kwa kazi yake na kipimo chake. "Chombo cha umeme cha kupashia maji, chenye tangi la lita 50" ni maneno mengi kuliko moja, lakini huokoa barua tatu za kuulizana. Mitaani watu wengi wamekwisha kukiita hita, nalo ni jina lisilogongana na giza. Na kwa kuwa hita aweza kuwa wa kupashia nyumba pia, ni vizuri kusema hita ya maji.

Huenda mtu akauliza, hita ya maji ni ya nini Garissa, mahali ambapo joto la mchana hupita digrii 30 karibu mwaka mzima, na maji ya tangi lililo darini huwa moto kwa jua tu? Swali ni la haki. Mtu mwenye afya aweza kuishi huko miaka mingi asikihitaji chombo hicho. Bali hospitali huhitaji maji ya moto usiku wa manane, na nyumba ya wageni huwa na wageni watokao Limuru na Nyahururu waliozoea kuoga maji ya moto hata jua likiwaka. Basi vyombo hivyo vipo, na wenye navyo wajue tabia zake.

Jambo la kwanza ni chumvi na chokaa. Maji ya visima vingi vya Wajir hupita katika mawe ya chokaa, nayo hubeba chokaa hiyo. Yakipashwa moto, chokaa huganda juu ya waya wa moto na kuta za tangi kama ukoko wa sufuria, chombo kikala umeme mwingi na kutoa joto kidogo. Yapasa kifunguliwe na kusafishwa na fundi kwa majira. Na hapa pana ajabu ndogo: katika koo la chemchemi ifokayo hutokea ukoko wa namna yake, utokanao na mawe yaliyoyeyuka katika maji ya moto, na ukoko huo ndio uimarishao mfereji hata ustahimili kishindo. Kitu kijengacho huko huharibu hapa.

Jambo la pili ni vali ya usalama. Tangi lililofungwa, lenye maji yaliyopashwa kupita kiasi, hufanana kwa kila hali na mfereji wa Iceland: maji yamelemewa, hayapati kuchemka, yakusanya moto. Kidhibiti cha joto kikiharibika na vali ikazibwa, siku tangi litakapopasuka sehemu ya maji itageuka mvuke kwa ghafula, na paa halitastahimili. Mtu asiizibe vali kwa kitambaa au kwa msumari eti kwa kuwa inadondosha maji. Kudondosha huko ndiko kazi yake. Tena maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto upesi zaidi. Afunguaye bomba na atangulize maji baridi. Wahenga walisema kwamba maji ya moto hayachomi nyumba, na ni kweli. Lakini huchoma watu.

Hatari hiyo iko pia kwa chemchemi zenyewe. Mwaka 1903 watu wanne walikufa huko New Zealand katika mahali paitwapo Waimangu, walipokaribia chemchemi iliyokuwa imenyamaza. Wageni waendao Bogoria wamezoea kuchemsha mayai katika maji ya Loburu, na mchezo huo hupendeza. Walakini ganda la ardhi kando ya maji yale mahali pengine ni jembamba, na yaliyo chini yake hayaoni huruma. Chemchemi iliyonyamaza haikuzimika, yakusanya.

Haya ndiyo yaliyomo ndani ya neno moja la kigeni. Mwenye kulitumia na aseme chemchemi ifokayo akiwa anena habari za nchi, na hita ya maji akiwa anena habari za nyumba. Kisima akiite kisima, hata kama maji yake yana uvuguvugu. Na mwenye kisima, anapopeleka ombi la kuchimba kingine hatua chache kutoka kwa jirani, na akumbuke bonde la Wairakei, ambako maji yaliyofoka tangu zamani yalinyamaza bila ya mtu kuyagusa.